Nakala Zilizopendwa Kuliko Asili: Uingereza na Katuni Zake za Mashujaa wa Marekani

Miongoni mwa vitu vinavyotafutwa kwa bidii na wakusanyaji wa machapisho ya zamani nchini Uingereza yamo magazeti ya katuni ambayo, kwa vipimo vya kawaida vya ubora, hayakustahili kudumu. Yalichapwa kwa karatasi duni, mengi yakiwa ya rangi nyeusi na nyeupe tu, na hadithi zilizomo zilikuwa zimekwisha kutolewa Marekani miaka kadhaa kabla, zikiwa na rangi kamili na bila kukatwakatwa. Magazeti hayo ni chapa za marudio, yaani matoleo ambayo mchapishaji wa nchi moja huyatoa baada ya kununua haki ya kazi iliyokwisha kutolewa na mchapishaji wa nchi nyingine, na wahusika wake ni wale mashujaa wenye nguvu za ajabu, kama Spider-Man, Hulk, Thor na Batman, ambao leo filamu zimewafikisha kila pembe ya dunia. Mwingereza aliyekulia katika miaka ya 1960 au 1970 anaweza kuzisoma hadithi hizohizo katika vitabu vya jalada gumu au kwenye simu yake, zikiwa safi na timilifu kuliko alivyopata kuziona utotoni, lakini wengi wa rika hilo bado huzirudia nakala zile chakavu na huwa tayari kuzilipia fedha nyingi.

Ni rahisi kulieleza jambo hili kwa msemo kwamba ya kale ni dhahabu, na kuishia hapo. Hata hivyo, msemo huo hauelezi ni kwa nini dhahabu yenyewe ionekane katika nakala na si katika asili, maana toleo la Marekani ni la kale zaidi, ni zuri zaidi kwa macho na, mara nyingi, ni la thamani kubwa zaidi sokoni. Hoja ya makala haya ni kwamba hamu ya kale, yaani ile hali ya mtu kuyatamani yaliyompita, haielekei katika kesi hii mahali hadithi zilipotungwa bali mahali zilipopokewa, na kwamba kinachopendwa hasa ni zile kasoro zilizoletwa na uhaba, sheria, bei na haraka ya wahariri, kwa kuwa ndizo zilizoifanya bidhaa ya kigeni kuwa ya nyumbani.

Uhaba wa dola

Chapa hizi hazikuzaliwa na mapenzi ya sanaa bali na hesabu ya fedha za kigeni. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza, serikali ya Uingereza ilibana uagizaji wa bidhaa zisizo za lazima ili kuokoa nafasi katika meli na akiba ya dola, na magazeti ya katuni kutoka Marekani yakaingia katika orodha ya vitu vilivyozuiwa. Vita vilipokwisha nchi ilibaki na madeni makubwa, na vizuizi hivyo vikaendelea hadi mwaka 1959. Kilichozuiwa, hata hivyo, kilikuwa shehena ya karatasi iliyokwisha kuchapwa, si hadithi zenyewe, na kwa sababu hiyo mchapishaji wa Uingereza aliyenunua haki kwa gharama ndogo aliweza kuzichapa hadithi hizo nyumbani na kuliziba pengo ambalo sheria ilikuwa imeliacha sokoni.

Kampuni ya L. Miller & Son ya London ilikuwa miongoni mwa zilizonufaika na mwanya huo, hasa kwa kuchapa hadithi za Captain Marvel, shujaa wa kampuni ya Fawcett ambaye alikuwa mvulana wa kawaida aliyegeuka mtu mwenye nguvu kubwa kwa kutamka neno la siri. Nchini Marekani wamiliki wa Superman walikuwa wamemshitaki Fawcett kwa madai kwamba Captain Marvel aliigwa kutoka kwa shujaa wao, na baada ya kesi iliyovutana kwa zaidi ya miaka kumi, Fawcett alikubali mwaka 1953 kuacha kumchapisha. Uamuzi huo uliofikiwa New York ulimwacha Miller na wasomaji lakini bila hadithi, naye akamwendea Mick Anglo, mwandishi na mchoraji aliyekuwa na karakana yake London, ambaye alibuni shujaa mbadala aliyeitwa Marvelman. Mavazi mekundu yakawa ya buluu, nywele nyeusi zikawa za rangi ya dhahabu, neno la siri likabadilishwa, na toleo la kwanza la Februari 1954 likapewa nambari 25 ili liendeleze hesabu ya gazeti lililotangulia. Marvelman alidumu hadi mwaka 1963, miaka kumi hivi baada ya asili yake kunyamazishwa.

Kipindi hichohicho kilizipa katuni za Marekani sifa ya kitu cha kuonewa shaka. Walimu, viongozi wa dini na wanasiasa wa pande zinazopingana, wakiwemo Wakomunisti waliouona utamaduni wa Marekani kuwa aina ya uvamizi, waliungana kupinga hadithi za kutisha zilizochapwa katika magazeti ya watoto, na Bunge likapitisha mwaka 1955 sheria ya kuwalinda watoto dhidi ya machapisho yenye madhara. Sheria hiyo ililenga hadithi za kutisha na si mashujaa wenye nguvu za ajabu, lakini iliimarisha katika nyumba nyingi dhana kwamba katuni za ng'ambo ni taka, na mtoto aliyezipenda alijua mapema kwamba anapenda kitu kisichoheshimiwa na wakubwa.

Muhuri wa peni tisa

Vizuizi vilipolegezwa mwaka 1959, kampuni ya Thorpe & Porter ya mjini Leicester ilianza kuingiza magazeti halisi ya Marekani na kuyasambaza nchini kote. Kwa kuwa jalada lilionyesha bei kwa senti za Kimarekani, kila nakala iligongwa muhuri wa wino wenye bei ya Kiingereza, ambayo mwanzoni ilikuwa peni tisa, na muhuri huo, uliogongwa bila kujali kama umeangukia uso wa shujaa au anga tupu, leo ni alama inayotambuliwa na kila mkusanyaji. Baadaye kampuni za Marekani zilianza kuchapa sehemu ya nakala zao zikiwa tayari na bei ya peni kwenye jalada, na nakala hizo, zisizotofautiana na nyingine ila kwa bei hiyo, nazo zina soko lake.

Kuingia kwa magazeti halisi hakukuziua chapa za marudio, kwa sababu usambazaji wake haukuwa wa kutegemewa. Mtoto aliyesoma sehemu ya kwanza ya hadithi hakuwa na hakika ya kuiona sehemu ya pili, kwani toleo la mwezi uliofuata lingeweza kufika mji wa jirani na kutofika kwake, au kutofika Uingereza kabisa. Wapenzi wa katuni walikuja kuwa na jina la matoleo ya aina hiyo, wakayaita yasiyosambazwa, na kuyapata kupitia marafiki, wauzaji wa posta au meza za mitumba sokoni kukawa sehemu ya heshima ya mkusanyaji.

Pengo hilo lilijazwa kwa namna mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya Alan Class, mchapishaji ambaye kati ya mwaka 1959 na 1989 alitoa mfululizo wa magazeti mazito ya kurasa 68, yenye jalada la rangi na ndani nyeusi na nyeupe, kwa majina kama Creepy Worlds, Sinister Tales, Uncanny Tales na Secrets of the Unknown. Magazeti hayo hayakuwa na tarehe, wala hadithi zake hazikupangwa kwa utaratibu wowote unaoonekana: hadithi ya Iron Man ingeweza kufuatwa na ya mzimu, kisha ya wageni kutoka sayari nyingine, zikiwa zimetoka kwa kampuni tofauti za Marekani na katika miaka tofauti, na hadithi moja ingeweza kurudi tena baada ya miaka michache chini ya jalada jingine. Kwa msomaji wa leo aliyezoea mfuatano uliopangwa kwa makini hii ni vurugu tupu, lakini kwa mtoto wa wakati ule vurugu hiyo ilimaanisha kwamba gazeti halikupitwa na wakati, kwa hiyo lililokaa dukani miezi sita lilikuwa na haki sawa na lililofika asubuhi ileile.

Ya pili ni ya kampuni ya Odhams, iliyokuwa na magazeti matano ya kila wiki yaliyotangazwa kwa pamoja kwa jina la Power Comics: Wham!, lililoanza mwaka 1964, Smash! la mwaka 1966, kisha Pow!, Fantastic na Terrific, yote matatu ya mwaka 1967. Katika matatu kati yake mashujaa wa Marekani walikaa ukurasa kwa ukurasa na vichekesho vya Kiingereza vya watoto watundu na walimu wakali, hivyo Hulk alikuwa jirani ya mzaha wa shuleni, ilhali Fantastic na Terrific yalijengwa zaidi juu ya Thor, X-Men, Iron Man na wenzao. Wahariri walizungumza na wasomaji kwa lugha ya utani na urafiki, wakiuiga mtindo wa Stan Lee, mhariri wa kampuni ya Marvel ya Marekani, lakini kwa lafudhi ya nyumbani. Mradi huo haukudumu: kufikia mwaka 1969 mashujaa wa Marekani walikuwa wametoweka katika kurasa zake, baada ya gazeti moja kumezwa na jingine kwa desturi ya biashara hiyo, ambapo gazeti lililopungua wanunuzi huunganishwa na lenye nguvu, jina lake likasomeka kwa herufi ndogo chini ya jina la mwenyeji wake kwa majuma kadhaa, kisha likaondolewa kimyakimya.

Peni tano kila Jumamosi

Kipindi kinachokumbukwa zaidi kilianza mwishoni mwa Septemba 1972, pale kampuni ya Marvel yenyewe ilipoingia Uingereza kwa kutoa The Mighty World of Marvel, gazeti la kila wiki lililouzwa kwa peni tano. Bei hiyo ilikuwa sawa na shilingi moja ya zamani, kwani hadi Februari 1971 pauni iligawanywa katika shilingi 20 na kila shilingi katika peni 12, kabla ya nchi kuhamia mfumo wa peni 100. Toleo la kwanza lilikuja na zawadi, picha ya Hulk ya kubandikwa kwenye fulana kwa pasi ya moto, na ndani yake zilikuwamo hadithi za mwanzo kabisa za Fantastic Four, Hulk na Spider-Man, zilizotolewa Marekani mwaka 1961 na 1962. Mwaka uliofuata Spider-Man alipata gazeti lake, kisha Avengers wakapata lao, na kufikia katikati ya muongo huo mtoto mwenye fedha za kutosha aliweza kununua gazeti tofauti la Marvel karibu kila siku ya shule.

Pengo la miaka kumi kati ya kutolewa kwa hadithi Marekani na kufika kwake Uingereza lina uzito mkubwa katika kuielewa hamu hii. Mtoto wa Birmingham au Glasgow wa mwaka 1973 aliyazungumzia matukio ya mwaka 1963 kama habari za juma lile, akaandika barua kwa mhariri kuuliza itakuwaje, na kwake yeye michoro ya Jack Kirby na Steve Ditko haikuwa mambo ya kale hata kidogo. Kwa hiyo kizazi cha Waingereza hao na kizazi cha Wamarekani waliowatangulia kwa muongo mzima wanakumbuka hadithi zilezile kama za utoto wao, ila utoto wenyewe ulikuwa katika nyakati na hali tofauti kabisa.

Mfumo wa kila wiki nao uliibadilisha hadithi yenyewe. Toleo la Marekani lilitoka mara moja kwa mwezi likiwa na hadithi ya kurasa 20 hivi, lakini gazeti la Uingereza, lililopaswa kuwa na mashujaa watatu katika kila toleo, liliikata hadithi hiyo vipande viwili au vitatu, jambo lililomlazimisha mhariri kutafuta mahali pa kusimama ambapo mwandishi hakuwa amekusudia na kuweka ukurasa mpya wa ufunguzi mwanzoni mwa kila kipande. Hadithi iliyosomwa Marekani kwa kikao kimoja ikawa shughuli ya nusu mwezi, na siku saba za kungoja zikawa sehemu ya usomaji. Wengi wanaozikumbuka hadithi hizo huzikumbuka pamoja na mikato hiyo, na huona kama kuna kitu kimepungua wanapozisoma zikiwa nzima.

Rangi ni suala jingine. Michoro ya Marekani ilichorwa kwa mistari myeusi ikitarajiwa kujazwa rangi, na ilipochapwa bila rangi iliacha maeneo makubwa meupe yaliyoonekana kama kazi isiyokamilika. Katika matoleo ya mwanzo wachapishaji wa London walitumia rangi moja ya ziada, kijani, ambayo ilimfaa Hulk lakini iliangukia pia majengo na mavazi ya watu wengine bila mantiki yoyote, kisha wakaiacha na kuongeza vivuli vya kijivu vilivyotengenezwa kwa karatasi ya nukta ndogondogo. Matokeo yake hayakuwa ya kupuuzwa, kwa maana mstari wa mchoraji, ambao katika toleo la rangi hufunikwa na wino hafifu, ulionekana wazi, na kijana aliyetaka kujifunza kuchora aliweza kufuatilia ni wapi brashi ilinenepa na ni wapi ilikonda.

Mwaka 1975 lilikuja jaribio lililozusha ubishi ambao haujakwisha hadi leo. Gazeti la The Titans lilichapwa kwa mlalo, yaani likiwa pana kuliko urefu wake, ili kurasa mbili za Marekani zilazwe ubavu kwa ubavu katika ukurasa mmoja wa Uingereza, na mwaka uliofuata Spider-Man naye akalazwa vivyo hivyo. Msomaji alipata hadithi nyingi zaidi kwa karatasi ileile, lakini maneno yaliyokuwa ndani ya viputo yalipungua ukubwa hadi kuumiza macho, na gazeti lenyewe lilikuwa gumu kulishika kitandani au ndani ya basi.

Mikono ya wahariri

Ofisi ya Marvel ya London ilikuwa na watu wachache, na maamuzi mengi yalifanywa New York. Mmoja wa wahariri wake, kati ya mwaka 1975 na 1977, alikuwa Neil Tennant, ambaye baadaye alipata umaarufu kama mwimbaji wa kundi la Pet Shop Boys. Kazi yake ilihusu kubadili tahajia ya Kimarekani iwe ya Kiingereza cha Uingereza na kuonyesha michoro ya wanawake waliovaa nguo haba kupita kiasi kwa gazeti la watoto, ili ichorwe upya kwa staha. Mabadiliko ya aina hiyo yalikuwa madogo na msomaji wa kawaida hakuyatambua, lakini yanathibitisha kwamba chapa ya marudio haikuwa kioo kinachorudisha sura ileile.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa Apeslayer. Gazeti la Planet of the Apes, lililoanzishwa mwaka 1974 kufuatia umaarufu wa filamu na mfululizo wa televisheni kuhusu dunia iliyotawaliwa na nyani, lilikuwa likitoa kila wiki hadithi ambazo Marekani zilitolewa kwa mwezi, na kwa hesabu hiyo lazima ghala lingekauka. Lilipokauka mwaka 1975, wahariri waliichukua hadithi nyingine ya Marvel iliyomhusu Killraven, mpiganaji anayekabiliana na wavamizi kutoka sayari ya Mars, wakamwita Apeslayer, wakabadilisha maneno, na juu ya vichwa vya wavamizi hao wakachora vichwa vya nyani. Kazi ilifanywa kwa haraka na haraka yenyewe inaonekana, kwa kuwa vipo visanduku ambamo kichwa kipya hakikai sawasawa juu ya shingo ya zamani. Hadithi hiyo ilijaza majuma kadhaa hadi mzigo mpya ulipofika, na leo ni miongoni mwa vitu vinavyosimuliwa kwa furaha zaidi na wapenzi wa chapa hizi, kwa sababu katika umbo hilo haikutolewa kwanza Marekani na inaonyesha bila kificho jinsi biashara hiyo ilivyoendeshwa.

Mkusanyaji anapoishika nakala ya kipindi hicho huikagua kwa vigezo vinavyotokana na maisha ya duka la magazeti la mtaani. Hutazama pembe ya juu ya jalada kama kuna jina la ukoo au nambari ya nyumba iliyoandikwa kwa penseli, kwa kuwa muuza magazeti aliandika hivyo ili kijana wa kusambaza ajue nakala ipi iende mlango upi. Hutazama ndani kama kuponi imekatwa, ile karatasi ya kumwagiza muuza magazeti amwekee msomaji nakala kila juma. Na hutazama kama zawadi ya toleo la kwanza bado ipo, kwani watoto waliitumia siku ileile na ndiyo maana nakala yenye zawadi ni adimu. Karatasi yenyewe imegeuka rangi ya majani makavu na kingo zake hukatika zikiguswa, kwa maana karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, kiambata cha mti ambacho kikikutana na hewa na mwanga huifanya karatasi iwe ya njano na dhaifu.

Kinachosahauliwa na hamu

Mwanazuoni wa fasihi Svetlana Boym, katika kitabu chake kuhusu hamu ya kale kilichotolewa mwaka 2001, alitenganisha aina mbili: ile inayotaka kuijenga upya nyumba iliyopotea kana kwamba haikupata kuwa na ufa, na ile inayokaa na upotevu huo na kuuhoji. Zote mbili zinaonekana kwa wapenzi wa chapa za Uingereza. Wapo wanaoamini kwamba utoto wa wakati ule ulikuwa bora kwa sababu tu magazeti yalikuwa ya peni tano, na wapo wanaozitazama nakala zilezile wakiuliza nani alifaidika, nani alinyimwa na kwa nini mambo yalikwenda vile.

Maswali hayo yana majibu yasiyopendeza. Wachoraji na waandishi wa Marekani walilipwa kwa ukurasa, kazi ikawa mali ya kampuni, na kwa muda mrefu kuchapwa upya kwa kazi hiyo London au kwingineko hakukuwaletea malipo yoyote ya ziada; Kirby, ambaye michoro yake iliyabeba magazeti hayo kwa miaka mingi, alilazimika katika miaka ya 1980 kubishana na Marvel hadharani ili arudishiwe kurasa zake halisi. Kwa upande wa Uingereza, ukurasa ulionunuliwa ukiwa tayari ulikuwa na gharama ndogo kuliko ukurasa ulioagizwa kwa mchoraji wa nyumbani, na kila nafasi aliyopewa Spider-Man ilikuwa nafasi ambayo mtu wa Manchester au Dundee hakuipata. Urahisi wa bei unaokumbukwa kwa upendo ulikuwa na walioulipia.

Hata hivyo, chapa hizohizo ndizo zilizowafundisha baadhi ya waliokuja kuibadilisha sanaa hiyo. Oktoba 1976 Marvel ilitoa kwa ajili ya soko la Uingereza gazeti la Captain Britain, shujaa aliyebuniwa na Chris Claremont, mzaliwa wa London aliyekulia Marekani, pamoja na mchoraji Herb Trimpe, na ingawa gazeti hilo halikumaliza mwaka kabla ya kuunganishwa na la Spider-Man, shujaa mwenyewe aliendelea na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaingia mikononi mwa Alan Moore na Alan Davis. Katika hadithi zao zilizotoka mwaka 1983 kwenye gazeti la The Daredevils, ambalo pia lilikuwa na chapa za marudio, ndipo ulimwengu mkuu wa Marvel ulipotajwa kwa nambari 616, nambari ambayo baadaye ilikubaliwa na kampuni mama na sasa hutumika hata katika filamu.

Moore, aliyezaliwa Northampton mwaka 1953 na kuvisoma utotoni vijitabu vya Miller, alimrudisha pia Marvelman katika gazeti la Warrior mwaka 1982. Shujaa anaonekana humo akiwa mwanamume wa makamo mwenye ndoa na maumivu ya kichwa, aliyelisahau neno lake la siri, na anapolikumbuka anagundua kwamba matukio ya furaha ya miaka ya 1950 hayakuwa kama alivyoyajua. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa ile hamu inayohoji, kwa kuwa mwandishi alikichukua kitu alichokipenda utotoni na, badala ya kukisifu, akakiuliza kilikuwa kinaficha nini. Haki za mhusika huyo ziligombaniwa kwa miaka mingi huko Uingereza na Marekani, hadi Marvel iliponunua haki za Mick Anglo mwaka 2009, na hivyo nakala iliyobuniwa kuziba pengo ikawa mali ya kuthaminiwa na kampuni kubwa.

Hatima ya magazeti yenyewe

Biashara ya chapa za marudio haikukoma. Shughuli za Marvel nchini Uingereza zilihamia kwa kampuni ya Panini mwaka 1995, na matoleo yaliyofuata yakawa ya rangi, yenye karatasi nzuri na hadithi zisizokatwa, kwa maneno mengine yakaondoa kila kasoro iliyotajwa hapo juu. Maduka maalumu ya katuni nayo, yaliyoongezeka tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, yaliyaleta matoleo halisi ya Marekani ndani ya muda mfupi baada ya kutolewa kwake, kwa hiyo ule ulazima uliozizaa chapa za zamani ukatoweka.

Kilichobaki ni swali la kuhifadhi. Vitabu vipya vinavyokusanya hadithi za miaka ya 1960 hutengenezwa kutoka kwenye kumbukumbu za Marekani, na kwa hiyo huacha nje majalada yaliyochorwa kwa ajili ya London, kurasa za ufunguzi zilizoongezwa, barua za wasomaji, matangazo, kijani cha Hulk na vichwa vya nyani vya Apeslayer. Maktaba ya Uingereza hupokea kisheria nakala ya kila chapisho linalotolewa nchini humo, na mwaka 2014 ilifanya maonyesho makubwa ya historia ya katuni za nchi hiyo, lakini kuponi iliyojazwa, jina la penseli kwenye jalada na zawadi iliyotumika havipatikani katika nakala iliyopelekwa maktaba moja kwa moja kutoka kwa mchapishaji. Hivyo vimo katika maboksi ya watu binafsi, ambao wengi wao sasa wana umri wa kustaafu, na warithi wasioelewa thamani yake huyauza kwa kilo au kuyatupa. Mkusanyaji anayeorodhesha alicho nacho, akaandika alikinunua duka gani na mwaka gani, kisha akaiambia familia yake ni maktaba au chuo gani kikabidhiwe, ataifaa historia ya usomaji wa watoto wa Uingereza kuliko yule anayengoja bei ipande, kwa sababu bei ya nakala hizi inaweza kupanda tena, lakini kumbukumbu ya aliyezisoma zikiwa mpya haina toleo la pili.